Kaa Waliofia Ndani ya Maji: Kisa cha Mzigo Mmoja Uliofika Dodoma

Ugomvi ulianzia kwenye mguu uliovunjwa. Mama mmoja mwenye hoteli ndogo ya chakula hapa Dodoma mjini alikuwa ameagiza kaa koko kutoka Kibiti kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti wa watu. Mzigo ulipofika, akakuta zaidi ya nusu ya kaa hawatikisiki. Akachukua mmoja, akamvunja mguu aone kama nyama bado inafaa, yakatiririka maji. Akavunja wa pili, maji vilevile. Hapo hapo akampigia simu muuzaji wake wa pwani. "Kaka, umenipimia maji kwenye mizani! Hawa kaa hawana hata tone la damu." Muuzaji naye akaapa kwamba aliwatoa kwenye mikoko wakiwa wazima, akawafunga magando kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kama wamekufa basi wamefia mikononi mwa wenye mzigo.

Nafundisha baiolojia sekondari, na mama huyu ni jirani yangu. Mdogo wake alikuja mbio kuniita: "Shikamoo Mwalimu. Dada anaomba uje uwaangalie kaa kabla hawajatupwa." Nilikuta simu iko kwenye spika, pande zote mbili zinasema kwa pamoja. Niliamua kukaa na kulichunguza jambo lile kwa utulivu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hawa walikuwa watu wanaofanya biashara kwa kuaminiana, bila karatasi yoyote, na neno "umeniibia" lilikuwa linatosha kuua uhusiano uliojengwa kwa muda mrefu. Ya pili ni kwamba ushahidi wote ulikuwa pale sakafuni. Kilichohitajika ni mtu wa kuusoma, na hauwezi kusomeka bila kuujua moyo wa kaa na namna damu yake inavyozunguka.

Nilimwomba kijana aliyesindikiza mzigo aeleze safari yote bila kuficha. Kaa walikuwa 30, wa wastani wa nusu kilo kila mmoja, ndani ya matenga yaliyofunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari. Kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam hakuna aliyewagusa. Basi la Dodoma liliposimama Morogoro kwa ajili ya chakula, jua likiwa kali, alifunua magunia akaona kaa wanatoa povu mdomoni. Akawahurumia, akadhani wana kiu. Akanunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, akaijaza maji ya bomba hadi nusu, akatia chumvi ya jikoni ili yafanane na ya bahari, akahamishia humo kaa kumi. Abiria mwenzake alikuwa na deli lenye barafu, akamwazima nafasi, wakaingia sita. Waliobaki 14 walikosa pa kwenda. Akawarudishia gunia, akalimwagia maji kidogo, safari ikaendelea.

Hesabu ya Dodoma ilikuwa hivi. Wa ndoo, wote kumi wamekufa. Wa deli, wote sita wamelala kimya, haijulikani kama ni wafu au ni wazima. Wa gunia, 13 wanatupa miguu kwa hasira na mmoja amekufa. Hata maabara yenye vifaa vya kutosha isingepanga jaribio zuri kuliko hili: wanyama wa chanzo kimoja, basi moja, saa zile zile, ila njia tatu tofauti za kuwatunza. Na waliotunzwa kwa huruma kubwa zaidi ndio waliokufa wote.

Nianze na shtaka la maji, kwa kuwa ndilo lililowasha moto.

Damu ya kaa haina himoglobini, ile protini yenye chuma inayoipa damu yetu wekundu. Kinachobeba oksijeni ndani yake ni protini iitwayo himosianini, ambayo mahali pa chuma imeweka shaba. Molekuli moja ya oksijeni hushikwa katikati ya atomu mbili za shaba, na inaposhikwa damu hupata rangi ya buluu iliyofifia. Isiposhikwa, damu haina rangi kabisa. Tena himosianini haikai ndani ya chembe kama himoglobini yetu inavyokaa ndani ya chembe nyekundu, huelea yenyewe katika umajimaji wa damu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1878 na Léon Fredericq, mwanafiziolojia wa Ubelgiji, alipokuwa akichunguza damu ya pweza. Kwa hiyo mtu anayetafuta wekundu ndani ya kaa, au kamba, au uduvi, atatafuta mpaka achoke.

Nilikwenda shuleni kuchukua bomba la sindano. Nikavuta tone kutoka ngozi laini ya maungio kwenye shina la mguu wa kaa mmoja mzima wa gunia, nikaliweka kwenye kisahani cheupe. Lilikuwa la buluu hafifu, kila aliyekuwepo aliliona. Nikavuta jingine kutoka kwa kaa wa ndoo aliyeonekana kufa karibuni zaidi. Hilo lilikuwa angavu kama maji ya kunywa. Tukaliacha hewani, na baada ya muda likaanza kuvuta ubuluu kwa juu, pale linapokutana na hewa. Mama akainama akaangalia kwa muda mrefu. Jambo hilo moja lilisema mawili kwa wakati mmoja: kile alichokiita maji ni damu, na damu ile ilikuwa imeishiwa oksijeni.

Kuhusu wingi wake, damu ya binadamu ni takriban asilimia 7 ya uzito wa mwili. Ya kaa hufika karibu asilimia 30. Kaa wa nusu kilo anaweza kuwa na gramu 150 za damu, na sehemu kubwa ya damu hiyo haimo ndani ya mishipa. Imejaa kwenye nafasi zilizo wazi kati ya misuli na viungo, hadi ndani ya miguu. Ndiyo maana mguu ukivunjwa hububujika. Muuzaji hakuongeza kitu kwenye mizani.

Hata hivyo shtaka hilo lilistahili kuchunguzwa zaidi, kwa sababu kaa wa maji kweli wapo. Kaa akitoka kujivua gamba hunywa maji mengi ili kulitanua gamba jipya lingali laini, damu yake huzimuka na kuongezeka, na misuli inakuwa imepungua. Ukimpika huyo unakuta gamba tupu na mchuzi. Wavuvi wazoefu humjua kwa kumbonyeza chini ya gamba: likinepa, anarudishwa majini au anapelekwa kwenye vizimba vya kunenepeshea. Nikabonyeza kaa wote 30, waliokufa na walio hai. Magamba yalikuwa magumu kama jiwe, meno ya magando yamelika kwa matumizi ya muda mrefu, na baadhi yao walikuwa na viumbe vidogo vya baharini vilivyoganda mgongoni, dalili kwamba gamba lile ni la zamani. Walikuwa kaa waliokomaa, wamejaa nyama. Katika hili muuzaji alikuwa msafi, na nilimwambia mama hivyo huku mwenzake akisikia kwenye simu.

Sasa swali la pili: kwa nini wa ndoo wamekufa wote?

Kumjibu mama ilibidi nimwonyeshe moyo wenyewe. Alikuwa na kaa mmoja wa gunia aliyetaka kumpika jioni ile kwa vyovyote vile. Tulimpoza kwanza kwenye barafu iliyosagwa na maji hadi akapoteza fahamu kabisa, hata akiguswa jicho au mguu hashtuki, kisha nikalifungua gamba la mgongoni. Moyo wa kaa hauko kifuani chini kama watu wanavyotarajia. Uko juu, katikati ya mgongo kuelekea nyuma, mara tu chini ya gamba. Ni kifuko kimoja cha msuli, cheupe chenye kupenyeza mwanga, kina chemba moja tu. Na ulikuwa unapiga. Polepole, kwa mapumziko, lakini unapiga.

"Mwalimu, huyu si tayari ameshakufa? Moyo unapigaje?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja, maana uamuzi wa kisa hiki chote umefungwa ndani yake.

Moyo wetu sisi hujipigia kwa misuli yake wenyewe, neva zinaharakisha au kupunguza tu. Moyo wa kaa koko na jamaa zake, kamba na kamba koche, si hivyo. Msuli wake haupigi bila kuamriwa. Ukutani kwake, upande wa ndani wa juu, kuna fundo dogo la neva lenye seli tisa tu. Nne ni ndogo, na kazi yake ni kutoa mapigo. Tano ni kubwa, na kazi yake ni kuupelekea msuli amri. Seli tisa! Kila pigo la moyo la mnyama huyu, maisha yake yote, limeanzia hapo. Wanasayansi wamelichunguza fundo hili kwa miongo mingi kwa sababu ni mtandao wa neva mdogo kiasi cha kuweza kuhesabu kila mwanachama wake, na ukiutoa moyo nje ya mwili ukauweka kwenye maji yenye chumvi zinazofaa, fundo huendelea kuuamrisha. Kwa hiyo moyo unaopiga si hakikisho kwamba kaa yuko hai kwa maana anayoitaka mpishi au mfanyabiashara. Ubongo unaweza kuwa umeshazima na seli tisa zikaendelea na kazi yake.

Kinyume chake ni kweli pia. Kaa mzima kabisa anaweza kuusimamisha moyo wake. Akiwa ametulia mahali salama, huzima moyo na upumuaji kwa pamoja kwa vipindi, kisha akaviwasha tena. Ukimpitishia kivuli cha ghafla, moyo unaweza kusita kwa sekunde kadhaa. Toka kwenye mfumo mkuu wa neva huja nyuzi zinazouzuia moyo na nyingine zinazouharakisha. Juu ya hizo kuna homoni zinazomwagwa na viungo vidogo vilivyoko kwenye mfuko unaouzunguka moyo, mahali ambapo damu yote hupita kabla ya kuingia moyoni. Moja ya homoni hizo ilitambuliwa mwaka 1987 kutoka kwa kaa wa pwani za Ulaya, Carcinus maenas. Ninachotaka msomaji ashike ni kwamba kwa kaa, ukimya wa moyo peke yake hausemi chochote mpaka ujue sababu ya ukimya huo.

Niendelee na bomba zenyewe, maana bila hizo hadithi ya ndoo haikamiliki. Moyo huu haukushikamana na vena yoyote, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni. Umening'inizwa kwa kano nyororo ndani ya mfuko uliojaa damu, na ukutani una vitundu vyenye vali, kwa kawaida jozi tatu kwa kaa. Msuli ukijikunyata, vali za vitundu hufunga na damu husukumwa kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Wakati huo huo kano huvutika, na msuli ukilegea kano ndizo zinazourudisha moyo kwenye upana wake, ukavuta damu kutoka mfukoni kupitia vitundu. Unafanya kazi kama mvukuto wa mhunzi: nguvu ya kubana ni ya mtu, lakini kufunguka na kuvuta kunatokana na jinsi ulivyotengenezwa.

Ateri zinazotoka ni saba. Moja ya katikati huenda mbele, kwenye macho na ubongo. Mbili hupita pembeni yake kuelekea vipapasio na misuli ya kichwani, mbili hushuka kwenye tezi kubwa ya usagaji chakula, ile sehemu laini ya rangi ya haradali ambayo wapenda kaa huigombania. Moja hurudi nyuma kwenye mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Ya saba hushuka wima kupita kati ya viungo hadi sakafu ya mwili na kugawa damu kwa kamba kuu ya neva, miguu na magando. Kila moja ina vali kwenye mlango wake, na mwili unaweza kuzikaza baadhi na kuzilegeza nyingine. Vitabu vingi vya shule huuita mfumo huu "mfumo wazi" na kuishia hapo, wanafunzi wanabaki na picha ya damu inayomwagika ovyo ndani ya gamba. Picha hiyo inamdhulumu kaa. Ateri hugawanyika kuwa vijishipa vyembamba sana, hasa kwenye ubongo, na ndipo damu inamwagikia kwenye tishu. Kutoka hapo inakusanyika chini, inapanda kwenye matamvua, viungo vyake vya kupumulia, inachukua oksijeni, na kutoka kwenye matamvua inapita njia maalumu hadi kwenye mfuko wa moyo.

Angalia mpangilio huo. Kwa samaki, perege wa bwawa la Mtera kwa mfano, moyo uko kabla ya matamvua, unasukuma damu iliyotumika kwenda kusafishwa. Kwa kaa, moyo uko baada ya matamvua. Unapokea damu iliyotoka kuchukua oksijeni na kuitawanya mwilini. Maana yake ni kwamba matamvua yakikosa oksijeni, kiungo kinachofuata kuikosa ni moyo wenyewe, pamoja na zile seli tisa.

Na matamvua ya wale kumi yaliikosa. Tufanye hesabu. Maji yasiyo ya chumvi yenye joto la nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Ndani ya ndoo mlikuwa na lita kumi, kwa hiyo miligramu 70 hivi kwa jumla. Kaa aliyetulia hutumia makumi ya miligramu kwa kila kilo kwa saa, na hawa hawakuwa wametulia. Tukichukua miligramu 30 tu kwa kila kilo, kilo tano za kaa zinahitaji miligramu 150 kwa saa. Oksijeni yote ya ndoo ile ilikuwa ya nusu saa. Mfuniko ulikuwa umebanwa ili maji yasimwagike ndani ya basi, na kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kilometa 260 hivi. Hapo sijataja amonia ambayo kaa huitoa kupitia matamvua na ambayo ndani ya ndoo haina pa kwenda, wala maji yale kuwa ya bomba yaliyotiwa chumvi kwa kukisia. Hivyo viliongeza mateso, lakini kilichoua ni kukosa hewa.

Kabla ya kufa walipigana. Oksijeni inapopungua, kaa hupunguza mapigo ya moyo lakini kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Vali za ateri ziendazo kwenye tezi ya chakula hubanwa, damu ikapelekwa zaidi kule chini kwenye kamba ya neva na miguu. Misuli huanza kuzalisha nguvu bila oksijeni, na asidi ya laktiki, masalio ya kazi hiyo, hujaa kwenye damu. Cha ajabu, laktiki hiyo huifanya himosianini iishike oksijeni kwa nguvu zaidi, ili hata kidogo kilichobaki majini kinaswe. Ni ulinzi uliopangwa vizuri kwa ajili ya tope la mikoko wakati maji yamekupwa, ambako baada ya saa chache bahari hurudi. Ndoo haina kujaa wala kupwa. Nilipomfungua mmoja wa wale kumi, moyo ulikuwa umelegea, umejaa damu isiyo na rangi, hautikisiki hata ukiguswa.

Wale wa gunia walikuwa wanapumua hewa. Lita moja ya hewa, hata hapa Dodoma tulipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni, yaani zaidi ya mara 30 ya ile iliyoyeyuka kwenye lita ya maji ya ndoo. Kaa koko hawezi kuichukua moja kwa moja, lazima kwanza iyeyuke kwenye utando wa maji unaolowesha matamvua. Kwa hiyo anachohitaji safarini ni unyevu na kivuli. Karibu na mdomo ana kipala kidogo kinachopiga kasia bila kupumzika ili kupitisha maji, au hewa, ndani ya chumba cha matamvua. Akiwa nchi kavu, unyevu uliobaki humo huchanganyika na hewa na kutoka kama povu. Povu lile la Morogoro lilikuwa upumuaji unaofanya kazi. Ndivyo kaa wa biashara wanavyosafirishwa hai, wamefungwa magando, wakiwa na unyevu, bila kuzamishwa, na huweza kukaa hivyo kwa siku kadhaa wasipokauka wala kupigwa jua.

Kijana aliposikia haya alishika kichwa. Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba hakufanya uzembe. Mtu aliyekulia Dodoma anamjua kambale wa Bahi na perege wa Mtera, na kwake kiumbe cha majini kikitolewa majini kinakufa. Alitumia fedha yake mwenyewe kununua ile ndoo.

Wa deli walihitaji uangalifu wa aina nyingine. Mama alishaanza kuwahesabu kama wafu. Lakini ukimya unaoletwa na baridi ni tofauti kabisa na ule wa kukosa hewa. Baridi hupunguza kasi ya seli za mapigo, moyo ukapiga kwa nadra au ukasimama, lakini hupunguza pia mahitaji ya oksijeni ya mwili mzima. Mapato na matumizi vinashuka kwa pamoja. Ndani ya ndoo mapato yalikatika huku matumizi yakiwa palepale, kwenye joto. Kwa hiyo kaa sita hawa wangeweza kuwa hai. Niliwaweka kivulini juu ya gunia bichi, nikakataza mtu yeyote asiwamwagie maji ya moto kuwazindua, kama alivyoshauri mmoja wa wasaidizi wa jikoni. Kipimo kilikuwa kile wanachotumia wafanyabiashara wenyewe: gusa jicho uone kama linajikunja kwenye shimo lake, angalia kama viungo vya mdomoni vinacheza, mwinue uone kama miguu inaning'inia kama kamba au ina ukakamavu. Kabla ya magharibi wanne walikuwa wanavuta macho. Wawili hawakuamka, nao ndio waliokuwa chini kabisa, wamelala juu ya barafu yenyewe bila kitu kati. Kaa koko ni wa maji ya joto. Kupozwa kiasi humtuliza, kugusana na barafu kwa saa kadhaa humuua.

Alibaki yule mmoja wa gunia aliyekufa peke yake kati ya wenzake 13 wazima. Huyu nilimkagua zaidi ya wote, maana ndiye pekee aliyeweza kumtia muuzaji hatiani. Kamba ya manila iliyomfunga ilikuwa imeukata mguu mmoja katikati, juu ya kifundo, na gunia chini yake lilikuwa na utando mgumu wa damu iliyoganda. Alikuwa ametoka damu njiani. Pembeni yake kulikuwa na kaa mwingine aliyepoteza mguu mzima, tena mchangamfu kabisa. Tofauti ni mahali pa jeraha. Kwenye shina la kila mguu kaa ana mstari maalumu wa kukatikia, na ndani ya mstari huo kuna utando unaoziba tundu mara mguu unapoachiwa. Akishikwa na adui hapo ndipo anapojikata mwenyewe, akakimbia bila kupoteza damu nyingi. Mguu ukikatwa chini ya mstari huo, utando hausaidii. Damu ya kaa huganda, ila katika mwili ambao theluthi moja ya uzito ni damu iliyo wazi, tundu kubwa linalochuruzika safari nzima linaweza kummaliza. Kwa kawaida kaa aliyeumia hivyo hujinyofoa mguu mzima juu zaidi. Huyu alikuwa amekazwa asiweze kuusogeza.

Niliwaambia wote wawili uamuzi wangu, mmoja mbele yangu na mwingine kwenye simu. Kaa walikuwa wazima, wamejaa, uzito ulikuwa wa haki. Kumi wa ndoo na wawili wa deli ni hasara ya mwenye mzigo. Mmoja wa kamba ni wa muuzaji. Mama hakubisha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, nilikuita mwizi. Naomba radhi." Upande wa pili ukajibu kwamba yameisha, na kwamba yule wa kamba atamfidia kwa wawili.

Jambo moja nililisimamia kwa ukali: wale waliokufa wasipikwe. Mama aliumia, aliona nyama inatupwa. Lakini kaa aliyekufa huharibika upesi kuliko samaki. Tezi ile ya usagaji chakula huanza kuyeyusha nyama iliyo jirani nayo, na kwa kuwa damu imeenea kila mahali bila kuta, bakteria waliomo nao hufika kila mahali. Haijulikani walikufa saa ngapi kati ya Morogoro na Dodoma, na kwenye sherehe kuna watoto na wazee. Walifukiwa nyuma ya uwanja, isipokuwa watatu niliopewa kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Hao watatu nimewatumia vizuri. Wanafunzi wa Dodoma huliona somo la krasteshia, kundi la kaa na kamba, kuwa la watu wa pwani, wakati kaa wa mito, wa jenasi Potamonautes, wako kwenye mito mingi ya nchi hii, na moyo wao umejengwa kwa mpango huo huo. Kwenye maji yaliyotuama kuna viroboto maji, krasteshia wadogo wa jenasi Daphnia, ambao mwili wao unapenyeza mwanga. Ukimweka mmoja chini ya hadubini, hata ile ya bei nafuu, unaona moyo unapiga mbio mgongoni, zaidi ya mara mia kwa dakika, bila kumkata popote. William Harvey, daktari Mwingereza aliyethibitisha mwaka 1628 kwamba damu ya mwili huzunguka, alitumia njia hiyo hiyo: aliwaonyesha rafiki zake moyo ukipiga ndani ya uduvi angavu wa mto Thames, kana kwamba wanachungulia dirishani. Sisi tumefanya kwa maji ya dimbwi na kwa kaa wa Kibiti, tukafuata ateri zote saba kwa wino uliodungwa moyoni.

Mzigo uliofuata wa mama ulikuja na matenga yale yale na magunia yale yale. Kijana alisindikiza tena, akiwa na dumu la maji ya chumvi la kuloweshea gunia tu, na muuzaji alifunga magando kwa kamba pana ya mkonge, miguu ikaachwa huru.